Jerikeni Moja kwa Wiki: Je, Samaki wa Mapambo Wana Haki Katika Maji ya Kisima?



Ndugu msomaji, makala hii inahusu maswali mawili. La kwanza: mtu anayeishi mahali ambapo maji hupatikana kwa kupanga foleni, je, anayo haki ya kuyatumia kwa samaki asiowala wala kuwauza? La pili: akishawaweka nyumbani kwake, anadaiwa nini nao? Watu wengi hubishana juu ya swali la kwanza na kulisahau la pili. Mimi nimefikia rai kwamba la pili ndilo lenye ufunguo wa la kwanza, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Maswali haya sikuyatoa kitabuni. Nyumbani kwetu ni Abuku, wilaya ya Koboko, huku West Nile. Mwaka uliopita binamu yangu alirudi kutoka Kampala na tangi la kioo la lita 100, pampu ndogo ya hewa inayotumia umeme wa jua, na samaki sita bapa wenye mapezi marefu, aina ya anjelifishi, ambao asili yao ni mto Amazon kule Amerika ya Kusini. Watoto wa jirani walifurahi sana. Bibi yetu aliwatazama samaki wale kwa muda, kisha akanigeukia mimi: "Mjukuu wangu, wewe ndiwe unayesomea dini. Hawa samaki hatuwali. Kila wiki wanapewa jerikeni nzima ya maji, na kule kisimani wanawake wanasukumana tangu alfajiri. Hii ni halali?"

Nilimwambia, "Bibi, nipe muda." Swali lake halikuwa la kujibiwa kwa neno moja. Tena Bibi hakuwa anatania. Kiangazi chetu, kuanzia Desemba hadi kwenye mwezi wa tatu, huwafanya watu wahesabu maji kama wanavyohesabu shilingi. Jerikeni ni lita 20. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupikia na usafi. Kwa hiyo jerikeni ya samaki kila wiki ni zaidi ya haki ya chini kabisa ya mtu mmaja kwa siku nzima. Mwenye kusema "ni maji kidogo tu" hajasimama kwenye foleni hiyo.

KUANDAA MAJI NI KAZI GANI

Kabla ya kutoa hukumu ni lazima kukifahamu kitu chenyewe. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu juu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo hilo. Basi tuanze na kazi anayoifanya binamu yangu.

Samaki katika tangi hula, hupumua na hutoa uchafu katika maji yale yale. Uchafu wao mkubwa ni amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota juu ya mawe, mchanga na chujio huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Lakini naitreti haiondoki yenyewe. Huongezeka wiki hadi wiki, na ndiyo maana sehemu ya maji hutolewa na mapya yakaingizwa. Binamu yangu hubadilisha moja ya tano ya tangi, yaani lita 20. Hapo ndipo ilipotoka jerikeni ya Bibi.

Kazi haiishii kwenye kumwaga na kujaza. Maji ya kisima chetu cha pampu ya mkono hutoka chini sana ya ardhi. Yanapotoka huwa yana oksijeni kidogo na hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi. Mara nyingi huwa na madini ya chuma yaliyoyeyuka: ukiyatazama ni meupe kabisa, ukiyaacha kwa saa chache yanakuwa na rangi ya kutu, kwa sababu chuma kimekutana na oksijeni. Kutu hiyo ikitokea ndani ya tangi, inaweza kutua juu ya matamvua ya samaki na kumzuia kupumua. Basi binamu yangu huyamimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa ili yapate hewa, huyaacha yatulie usiku kucha, huyachuja kwa kitambaa, halafu huyaacha kivulini mpaka joto lake lilingane na la tangi. Hupima ukali wa maji, yaani pH, kwa matone ya kupimia. Ndipo huyaingiza taratibu, kikombe kwa kikombe.

Akitumia maji ya mvua kutoka kwenye mabati, tabu ni nyingine: hayana chuma, lakini pia hayana madini karibu yoyote, na pH yake hubadilika kwa urahisi, kwa hiyo huyachanganya na ya kisima. Na wale wenye samaki mjini Arua, ambako maji ya bomba hutiwa klorini, huyaacha wazi kwa siku moja au mbili huku pampu ya hewa ikiyakoroga ili klorini itoke, au hutia dawa ya sodiamu thayosalfeti ambayo huiua klorini mara moja.

Haya yote ni kwa ajili ya samaki sita. Mtu anaweza kucheka. Lakini nilipokuwa namtazama binamu yangu akifanya kazi hiyo, niliona maswali mazito ya kimaadili yamejificha ndani ya ndoo.

SAFI KWA NANI?

La kwanza ni maana ya neno "safi". Sisi wanafunzi wa fiqhi tumelizoea somo la maji tangu madrasa: kuna maji tahuri, yenye kujitwaharisha na kutwaharisha, kuna yaliyo twahara lakini hayatwaharishi, na kuna yaliyonajisika. Tukizoea mgawanyo huo tunaweza kudhani kwamba maji yakishakuwa safi, ni safi kwa kila mtu na kwa kila kazi.

Chukua maji yenye klorini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba baada ya kutiwa dawa kwa nusu saa, maji yabakiwe na klorini ya angalau miligramu 0.5 kwa lita, na yanapomfikia mtumiaji isipungue miligramu 0.2. Katika makambi kama Lobule, hapa hapa wilayani Koboko, wanakoishi ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, kiasi hicho kidogo cha dawa kinaweza kuwa tofauti kati ya mtoto kuishi na mtoto kufa kwa kipindupindu. Maji hayo ni halali, ni tahuri, na ni neema. Lakini kwa samaki, vipimo vya mazingira vya serikali ya Marekani vinaweka kikomo cha klorini katika mito na maziwa kuwa miligramu 0.019 kwa lita kwa muda mfupi, na 0.011 kwa muda mrefu. Yaani hata kile kiwango cha chini cha maji ya kunywa ni mara kumi ya kikomo cha samaki. Maji yale yale yanayomwokoa mtoto yanaunguza matamvua ya samaki.

Vivyo hivyo kwa samaki wenyewe. Anjelifishi wa Amazon wamezoea maji laini yenye asidi kidogo. Samaki wa ziwa Tanganyika, ambao huvuliwa huko Kigoma na Burundi na kuuzwa nchi za nje kwa ajili ya matangi, wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Ukimpa mmoja maji ya mwenzake umemdhuru, na wala hukumpa maji machafu.

Funzo ninalolipata ni hili: wema hauna kipimo kimoja. Wema una mpokeaji, na mpokeaji ndiye anayekionyesha kipimo chake. Hii si kusema kwamba hakuna ukweli, au kwamba kila mtu ana haki yake mwenyewe. La. Miligramu 0.019 ni ukweli mgumu kabisa, haubadiliki kwa maoni ya mtu. Ni kusema tu kwamba ukweli kuhusu manufaa ya kiumbe hupatikana kwa kumtazama kiumbe huyo, si kwa kujitazama mwenyewe. Mtu anayesema "mimi nayanywa maji haya, basi na samaki yatamfaa" ana nia njema, lakini nia njema haimtoi samaki klorini. Tumefundishwa kwamba amali ni kwa nia, na ni kweli. Lakini hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba nia inachukua nafasi ya elimu. Tabibu asiyejua tiba akamdhuru mgonjwa, fiqhi inamdai fidia, hata kama moyo wake ulijaa huruma.

MAJI MACHAFU YALIYOZOELEKA

La pili ni gumu zaidi. Kuna jambo linalowashangaza wote wanaoanza kufuga samaki. Mtu huacha kubadilisha maji kwa miezi. Samaki wake wanaonekana wazima. Siku moja anaona aibu, anatoa karibu maji yote, anajaza mapya yaliyo safi kabisa. Kesho yake samaki wamekufa. Anashika kichwa: "Katika uchafu waliishi, katika usafi wamekufa!"

Sababu yake inajulikana. Maji yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa, pH yake hushuka, yanakuwa na asidi. Katika asidi, amonia hukaa katika umbo lisilo na madhara makubwa. Katika pH 6 na joto la nyuzi 25, sehemu iliyo sumu haifiki hata asilimia 0.1. Bakteria nao hudhoofika kwa asidi hiyo, kwa hiyo amonia hulundikana bila kuonekana. Mtu anapojaza maji mapya kwa ghafla na pH ikapanda hadi 8, sehemu ya sumu hufikia takriban asilimia 5. Ndani ya dakika chache sumu imeongezeka karibu mara mia. Maji mapya hayakuleta sumu. Sumu ilikuwamo siku zote. Mapya yameiamsha tu. Juu ya hayo, mwili wa samaki uliokuwa umezoea hali moja hauwezi kuhamia nyingine kwa mkupuo.

Hapa kuna mitego miwili, na kila mmoja una watu wake.

Mtego wa kwanza ni wa mwenye haraka. Anauona uchafu, anataka kuuondoa wote leo. Sisi vijana wa chuo tuko wengi katika kundi hili. Tunarudi vijijini likizo, tumesoma mihula miwili, na tunataka kubadilisha kila kitu kabla ya Ijumaa. Tunasahau kwamba hata pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Ilikuja hatua kwa hatua, kwa watu ambao nyoyo zao ziliandaliwa kwanza, ilhali Mwenye kuharamisha ni Yule Yule asiyeshindwa na lolote. Upole ule haukuwa udhaifu wa hukumu. Ulikuwa sehemu ya hukumu.

Mtego wa pili ni wa mwenye kuridhika. Huyu akisikia kisa cha samaki waliokufa kwa maji safi, anafurahi. "Umeona? Waacheni walivyo. Wameshazoea." Huyu ni hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu maneno yake yanafanana na hekima. Lakini samaki wake hawako wazima. Wanakufa polepole, na kila wiki anayoiacha ipite inaifanya siku ya kubadilisha iwe ya hatari zaidi. Kuzoea dhara si uzima. Na yeye ndiye aliyefanya usafi uwe sumu, kwa kuuchelewesha.

Njia iliyo sawa si katikati ya hawa wawili, kana kwamba tunawapatanisha. Ni njia nyingine kabisa: kidogo, lakini kila wiki, bila kukosa. Asiyebadilisha lita 20 kila wiki atajikuta siku moja analazimika kubadilisha 90, na hizo ndizo zitakazoua. Ndivyo ilivyo kwa deni, kwa ugomvi wa ndugu, kwa mwanafunzi anayeacha kusoma hadi wiki ya mtihani, kwa baba anayenyamazia kosa la mtoto miaka kumi kisha siku moja anachukua fimbo. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ndogo. Mimi nilikuwa nikiyaelewa mafundisho hayo kama faraja kwa mtu dhaifu asiyeweza mengi. Tangi limenionyesha upande mwingine: kudumu ndiko kunakoifanya amali iwe salama kwa yule anayeipokea.

PAKA, NDEGE NA SAMAKI

Sasa turudi kwenye uhalali wenyewe. Wanazuoni waliozungumzia kufuga ndege katika tundu walitegemea hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea; Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania juu yake kwa upole, wala hakumkataza. Hadithi hiyo ni fupi sana, lakini mwanachuoni wa Kishafi Ibn al-Qass alitunga kitabu kizima cha kutoa faida zake, zikafika sitini. Basi kufuga kwa ajili ya furaha tu, bila kula wala kuuza, kuna asili ya uhalali.

Lakini kuna hadithi ya pili, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake halikuwa kumfuga. Alimfungia, hakumlisha, na wala hakumwachia akatafute wadudu wa ardhini. Angalia milango miwili iliyotajwa: mpe, au mwachie. Yeye aliifunga yote miwili.

Jaribu kuiweka hadithi hii mbele ya tangi la samaki. Mlango wa kwanza, kumpa, umekuwa mpana zaidi. Paka aliyefungwa chumbani anadai chakula na maji. Hewa anaipata mwenyewe. Samaki hana hata hewa isiyopitia mkononi mwako. Samaki wa maji baridi hata hanywi maji kwa kiu kama sisi. Maji huingia mwilini mwake yenyewe kupitia matamvua na ngozi, apende asipende, pamoja na chochote kilichomo. Maji kwake si kinywaji. Ni nyumba, ni hewa, ni ngozi ya pili. Kumlisha vizuri katika maji mabaya ni sawa na kumpikia pilau mtu uliyemfungia katika chumba chenye moshi.

Na mlango wa pili, kumwachia, umefungwa, na si kwa ukatili wa mfugaji. Ukimchukua anjelifishi wa Amazon ukamtupa katika mto Kochi, ama atakufa, ama ataishi na kuwadhuru wenyeji. Sisi watu wa West Nile tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Sangara, anayeitwa mputa huko Buganda, ni samaki wetu wa asili katika Naili ya Albert. Maporomoko ya Murchison yalimzuia tangu zamani asipande kwenda ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walimpandikiza huko kwa makusudi ili kuongeza uvuvi. Faida ya fedha ilipatikana, hilo halikatawi; viwanda vya minofu vilijengwa. Lakini kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa ziwani, na furu, wale samaki wadogo wanaoitwa nkejje kwa Kiganda, walikuwa wametoweka kwa mamia ya aina. Wataalamu hukadiria aina zipatazo 200, ingawa uchafuzi wa maji na upungufu wa oksijeni navyo vilichangia. Samaki asiye na hatia yoyote mahali pake, alihamishwa akawa balaa mahali pengine.

Basi mfugaji wa samaki wa kigeni amejifungia mlango wa pili siku ile ile alipomnunua. Amebaki na mmoja tu: kumpa haki yake mpaka mwisho, au kumkabidhi mtu mwingine atakayempa. Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, mwanachuoni wa karne ya 13, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu alitaja kuwahudumia hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Kwa hiyo swali "je, ni halali kuwapa samaki jerikeni?" limekuja kwa kuchelewa. Lilipaswa kuulizwa dukani, kabla ya kulipa. Baada ya kulipa, jerikeni si hisani ya mfugaji. Ni deni lake.

JERIKENI NI YA NANI?

Je, deni hilo linaweza kushindana na kiu ya watu? Fiqhi ina ngazi iliyo wazi hapa, nami naona inapendeza. Mwenye maji kidogo na mnyama wake ana kiu, mnyama anatangulizwa kuliko udhu: mtu atatayamamu, na maji atapewa mnyama. Imam Nawawi ameliandika jambo hili katika Minhaj, na amelizingatia hata pale kiu yenyewe inapotarajiwa baadaye. Fikiria uzito wake: swala ni nguzo ya dini, na bado maji ya udhu yanaachwa kwa ajili ya koo la mnyama. Lakini juu ya ngazi hiyo yupo mwanadamu mwenye kiu. Mbele yake mnyama anasubiri.

Kutokana na ngazi hiyo nilimjibu Bibi kwa masharti manne.

Sharti la kwanza: anayetaka samaki ndiye anayepampu na kubeba. Nililiweka mwanzo kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Katika nyumba zetu nyingi, mvulana anapenda kitu na msichana anakibebea maji kichwani. Furaha yangu ikijengwa juu ya shingo ya dada yangu, samaki wamekuwa ushahidi dhidi yangu. Binamu yangu huenda kisimani jioni, foleni ikishapungua, na hubeba mwenyewe.

Sharti la pili: maji yanayotoka katika tangi yasimwagwe. Yana naitreti, ambayo ni mbolea. Yanakwenda kwenye sukuma wiki na nyanya za Bibi, na bustani ile ilikuwa inamwagiliwa tangu zamani. Kwa hesabu ya kweli, jerikeni moja inafanya kazi mara mbili: kwanza samaki, kisha mboga. Bibi alitabasamu hapa, lakini hakusema kitu.

Sharti la tatu: idadi ya samaki ipimwe kwa maji ya kiangazi, si kwa maji ya masika. Mtu huona maji tele mwezi wa tano akaongeza samaki, kisha Februari akashindwa. Huo ni mkataba uliovunjwa kabla ya kusainiwa.

Sharti la nne: kisima kikikauka kabisa na watu wakagombea maji ya kunywa, samaki wanahamishwa kwa mtu wa mjini mwenye uwezo, na mpango huo uwe umeandaliwa mapema, kwa jina la mtu, si kwa maneno ya "tutaona."

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Basi uhalali wao uko kwenye mgongo wa mwenyewe." Sidhani ningeweza kulisema vizuri zaidi. Hakusema kwamba amewapenda samaki.

NJE YA TANGI

Kuna jambo moja nililisoma ambalo bado linanisumbua. Baadhi ya wale furu wa ziwa Victoria hawakupotea kabisa. Watafiti waliwakusanya wakiwa hai, na kuanzia miaka ya 1990 mabustani ya wanyama na nyumba za samaki za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiwazalisha katika matangi. Yaani kuna mtu, katika mji wenye theluji, ambaye kila wiki anatoa klorini katika maji ya bomba, anayatia madini ili yafanane na maji ya ziwa letu, anayapasha joto, na kuyamimina taratibu kwa samaki ambao babu zao walivuliwa ziwani kwetu. Pengine hatafika Uganda maishani mwake. Hatakula samaki hao, na inawezekana asiione siku watakaporudi ziwani.

Sitaki kumfanya malaika. Wala sisemi kwamba ndoo yake inafuta makosa ya walioleta sangara. Ninachouliza ni kuhusu sisi. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'aam kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Ikiwa mtu wa mbali amejua kipimo cha maji ya umma uliokuwa jirani yetu, sisi tunajua kipimo cha nani?

Wengi wetu baada ya chuo tutakabidhiwa watu. Tutakuwa walimu, makadhi, wazazi, wasimamizi wa miradi ya wakimbizi, maimamu wa misikiti midogo yenye wazee waliozoea yao. Kila mmoja atakuwa na mkono juu ya maji ya mwingine. Wazazi wetu hapa West Nile wanajua maana ya kuhamishwa kwa ghafla; wengi walikimbilia Kongo na Sudan baada ya vita vya 1979, na walirudi miaka ya baadaye wakianza upya katika ardhi yao wenyewe. Hawakuhitaji tu ardhi. Walihitaji muda, na mtu wa kuwasubiri.

Basi kabla ya kupokea jukumu lolote, jiulize yale ambayo mfugaji angepaswa kujiuliza dukani. Je, namjua ninayepewa, au najua tu kile kinachonifaa mimi? Je, ninayo jerikeni ya kiangazi, au nahesabu ya masika? Nitabeba mwenyewe, au kuna shingo nyingine itakayobeba? Na je, niko tayari kufanya kidogo kila wiki, miaka mingi, bila kupigiwa makofi? Asiyeweza kujibu ana njia ya heshima: asinunue. Na aliyekwisha kununua aamke mapema kesho, maji yake yametulia usiku kucha na yanamngoja.

Wallahu a'alam.